Mfadhili wa ofisi yetu anataka nimfumie tapestri, na anataka iwe siri

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mfumaji. Ofisini, hata hivyo, najulikana kama mtu wa kuchangisha fedha. Kwa miaka minne sasa naliandikia shirika letu la sanaa maombi ya ruzuku, naandaa taarifa za matumizi, naandika barua za shukrani, na hafla ya wafadhili ikifika mimi ndiye ninayesimama mlangoni kuwapokea kwa majina yao. Kazi hii naipenda kweli. Fedha nilizozitafuta zimefungua karakana ya watoto ya kufuma, zimelipa walimu wake na kununua nyuzi. Jioni nikirudi nyumbani nakaa kwenye mtambo wangu, kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kwenye hafla nimejitanda mtandio nilioufuma mwenyewe, wa pamba, niliouchovya kwenye nili mara saba. Mama mmoja mtu mzima, ambaye amelifadhili shirika letu miaka mitatu mfululizo, akaushika pindo. Hakuusifu kwanza. Aliugeuza akaangalia upande wa nyuma, akapitisha kidole pale nyuzi zinapofungwa, ndipo akauliza, "Nani kafuma hii?" Nikasema ni mimi. Shangazi, sikumbuki mara ya mwisho mtu kuangalia upande wa nyuma wa kazi yangu.

Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe kwenye simu yangu. Anataka tapestri ya ukutani, mita moja na nusu kwa mbili, ikamilike ndani ya miezi mitatu. Kiasi alichotaja ni sawa na mishahara yangu mitano, na yuko tayari kulipa nusu kwanza. Akamalizia: "Hii iwe baina yetu." Namba yangu anayo kwa sababu niliiandika kwenye barua ya mwaliko.

Wakati huohuo, ombi letu la ufadhili wa mwaka ujao liko mezani kwake, na mimi ndiye niliyeliandika. Mkurugenzi sijamwambia kitu. Yule mama nilimjibu, "Nashukuru, nitakujulisha," na tangu siku hiyo silali vizuri. Mtandeni, kwenye nyuzi zilizonyooshwa mtamboni, kuna kitambaa nilichokifikisha nusu, sijakigusa tena. Nikikubali kazi hii naona kama nimeiba. Nikikataa, naikataa kazi niliyoisubiri miaka yote, na huenda nikamuudhi mpaka akaacha kulisaidia shirika.

Kuna jingine linaloniuma. Kila mwaka mkurugenzi ananiomba kazi moja kwa ajili ya mnada wa shirika, nami naitoa bure. Mwaka jana nilitoa kitambaa kilichonila usiku wa majuma tisa. Kikauzwa kwa fedha isiyofika hata gharama ya nyuzi. Aliyekinunua alinijia na furaha yake, akaniambia amekipata kwa bei ya kutupa. Nilimshukuru, kisha nikaenda chooni nikalia.

Wenzangu wananiambia, "Wewe una bahati, wafadhili wote unawajua." Lakini nilipoomba ruzuku ya wasanii kwa jina langu, nilipofika kwenye mstari wa malipo ya msanii niliandika sifuri. Kuwaombea wengine najua, tena bila kutetemeka.

Nikubali kazi ya yule mama? Nimwambie mkurugenzi? Au sasa nichague moja, uzi au ofisi?

Mfumaji wa Usiku

*

Marahaba mwanangu.

Maneno manne ndiyo yaliyokunyima usingizi: "Hii iwe baina yetu." Yangekuwa hayapo, ungekuwa na agizo kubwa la kazi na maswali mawili matatu ya kumuuliza mkurugenzi wako. Kwa hiyo nitaanza na hayo, na nitakaa hapo kwa muda.

Kumfumia mfadhili si wizi. Watu wanaotoa fedha kwa ajili ya sanaa ndio haohao wanaonunua sanaa, na anayekaa katikati yao kwa kazi atakutana na jambo hili mapema au baadaye. Tatizo lako ni kwamba mtu huyu sasa hivi anaamua kama atalipa fedha za mwajiri wako, ombi umeliandika wewe, na yeye huyohuyo anataka kukulipa wewe fedha nyingi, na mwajiri wako hajui. Huo ndio mgongano wa maslahi, na unakuwepo hata kama moyo wako ni mweupe kabisa. Fikiria jambo hili likijulikana mwakani. Ombi likiwa limekubaliwa, watauliza kama ulimlainisha kwa kitambaa. Likiwa limekataliwa, watauliza kama fedha za watoto zimehamia mfukoni mwako. Utajibu nini, na ushahidi wako utakuwa simu yenye maneno "baina yetu"?

Wenye taaluma yenu wameliona hili zamani. Association of Fundraising Professionals, chama cha wachangishaji kilichoanzishwa Marekani mwaka 1960, kina kanuni za maadili zinazosema taarifa za wafadhili zilizokusanywa kwa ajili ya shirika ni mali ya shirika, na zisitumiwe kwa kazi nyingine. Kanuni hizohizo zinamtaka mwanachama atamke wazi kila mgongano wa maslahi, na zinamkataza kulipwa asilimia ya fedha anazochangisha. Hata kama wewe si mwanachama wao, hicho ni kipimo kizuri. Na ukijipima nacho utaona una nafuu: hukulichomoa jina la yule mama kwenye faili la ofisi ukaenda kumtafuta. Aliiona kazi yako begani mwako, akaja mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa, na mkurugenzi aisikie kutoka kwako, kwa maneno yako, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine.

Wewe nili unaijua kuliko mimi. Kitambaa kikiwa bado ndani ya pipa hakina bluu. Unakitoa kina ukijani, na hewa ikishakigusa ndipo rangi inapojitokeza mbele ya macho yako. Jambo hili nalo litoe kwenye pipa. Nenda kwa mkurugenzi wiki hii, kabla hujamjibu yule mama lolote. Mwambie hivi, au unavyoona inakukaa mdomoni: "Mfadhili wetu fulani aliona mtandio wangu kwenye hafla, amenitumia ujumbe anataka nimfumie tapestri kwa malipo. Ujumbe huu hapa. Sijakubali. Najua ombi letu liko kwake, kwa hiyo naomba mtu mwingine alishike faili lake kuanzia leo, na naomba unijibu kwa maandishi kama naweza kuifanya kazi hii baada ya uamuzi wa ufadhili kutoka." Mwonyeshe ujumbe wenyewe. Usimsimulie tu.

Mkurugenzi akikuambia usubiri hadi uamuzi utoke, hiyo ni haki, subiri. Akikuambia huwezi kamwe kumuuzia mtu yeyote aliyewahi kulichangia shirika, hapo usinyamaze. Muulize kwa heshima ni sera ipi, imeandikwa wapi, na katazo hilo linaisha baada ya muda gani. Shirika la sanaa linaloajiri wasanii halafu likawafungia milango yote ya soko litawapoteza, na mkurugenzi mwenye busara atalielewa hilo ukimweleza bila hasira.

Kwa yule mama, usimwaibishe. Huenda alisema "baina yetu" kwa kukuhurumia, akidhani ofisi itakukataza au itataka fungu. Mwandikie: "Mama, nimefurahi sana kwamba unaipenda kazi yangu. Kwa kuwa nafanya kazi kwenye shirika unalolisaidia, nimemweleza mkurugenzi, na kwa sasa faili lako linashikwa na mwenzangu. Uamuzi wako kuhusu shirika ukishatoka, vyovyote utakavyokuwa, ningependa tuzungumze kuhusu tapestri." Hayo maneno "vyovyote utakavyokuwa" usiyaache. Ndiyo yanayomwambia kwamba hanunui chochote kwa kutoa, wala hapotezi chochote kwa kukataa. Kama ataudhika kwa sababu hukumfichia jambo, basi angekuwa mteja wa kukutesa.

Sasa tuzungumze kitambaa chenyewe, maana hapo nimeona hatari ambayo hukuitaja. Miezi mitatu? Katika karakana za Aubusson, Ufaransa, ambako ufumaji wa tapestri uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2009, hesabu ya kawaida ni takriban mita moja ya mraba kwa mwezi kwa mfumaji mmoja mzoefu, tena anayefanya kazi hiyo tu kutwa nzima. Mita moja na nusu kwa mbili ni mita tatu za mraba. Saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni saa 176 kwa kila mita. Jumla saa 528. Wewe una saa 3 kwa usiku. Ukifuma usiku tano kwa wiki, ni saa 15. Gawanya utapata wiki 35, yaani miezi minane, na hapo sijahesabu kutia rangi, kupanga mtande wala kumalizia pindo. Ukikubali miezi mitatu utaacha kulala, utaanza kuchelewa ofisini, na mama aliyegeuza mtandio wako kuangalia nyuma atageuza na tapestri hiyo. Ataona palipoharakishwa.

Bei, kwa upande mwingine, si mbaya. Mishahara mitano ni malipo ya saa 880 za ofisini, na wewe utafanya 528 na ushee. Ukitoa nyuzi na rangi bado jasho lako limelipwa. Kwa hiyo usibishane naye bei, omba muda: mwaka mmoja. Na muandikiane mkataba, hata wa kurasa mbili: ukubwa, aina ya nyuzi, kipande cha mfano atakachokiidhinisha kabla hujaanza, malipo ya kwanza yasiyorudishwa kwa sababu ndiyo yatakayonunua nyuzi, na haki yako ya kuipiga picha na kuiazima kwa maonyesho. Ongeza kifungu kuhusu mahali itakapotundikwa. Majumba ya makumbusho huweka vitambaa kwenye mwanga hafifu, takriban luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), na tapestri yako ikining'inizwa mkabala na dirisha lenye jua itapauka, kisha jina litakaloharibika ni lako.

Mnada sasa. Nilipofika pale ulipokwenda kulia nilisimama kusoma kwa muda. Mwanangu, wewe unaandika bajeti za watu wengine mpaka senti ya mwisho, na unajua hakuna mradi unaokubaliwa bila kuonyesha gharama. Lakini kitambaa cha majuma tisa kimeingia kwenye hesabu za shirika kama kitu kilichoota chenyewe. Shirika lilipata kidogo, mnunuzi akajifunza kwamba kazi yako ni rahisi, na bei hiyo sasa watu wanaijua. Kila mmoja hapo angekuwa na hali bora kama ungelitolea shirika fedha taslimu za nyuzi na kitambaa ukabaki nacho. Hata sheria mahali pengine hazimtendei msanii sawa: Marekani, tangu sheria ya kodi ya mwaka 1969, msanii anayetoa kazi yake mwenyewe kwa hisani huruhusiwa kupunguziwa kodi kwa gharama ya vifaa tu, ilhali aliyeinunua kazi hiyohiyo kisha akaitoa anaweza, masharti yakitimia, kupunguziwa kwa thamani yake ya sokoni. Mikono yako kwenye hesabu hiyo haipo.

Mwaka huu mkurugenzi akikuomba, mpe masharti. Bei ya chini iandikwe, na isipofikiwa kazi irudi kwako. Gharama ya nyuzi ilipwe na shirika kabla ya mnada. Sehemu ya mauzo iende kwa msanii, nusu si nyingi. Na masharti hayo yawe kwa kila msanii anayeombwa, maana nina hakika hauko peke yako. Wenzako nao wamezoea kunyamaza.

Tena una kitu bora cha kumpendekezea. Kitambaa kimechangisha fedha kwa muda mrefu, na kimefanya hivyo vizuri zaidi pale wengi walipokitengeneza pamoja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake nchini Marekani waliuchangishia Msalaba Mwekundu kwa mablanketi ya viraka yenye majina. Mtu alitoa fedha kidogo, jina lake likatariziwa, mara nyingi kwa uzi mwekundu, na blanketi lilipokamilika likauzwa kwa mnada au kwa bahati nasibu. Fedha iliingia mara mbili, na hakuna mfumaji mmoja aliyebeba mzigo wote.

Mfano mkubwa kuliko yote ni lile blanketi la viraka la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI. Wazo lilikuwa la Cleve Jones, mwanaharakati wa Marekani, mwaka 1985. Kila kipande kina futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi, na vingi vilishonwa na watu waliompenda marehemu. Tarehe 11 Oktoba 1987 lilitandazwa kwa mara ya kwanza jijini Washington, vipande 1,920. Mwaka uliofuata lilizungushwa kwenye miji 20, likachangisha karibu dola 500,000 kwa mamia ya vikundi vilivyokuwa vikihudumia wagonjwa. Lenyewe halikupigwa mnada. Watu walikuja kuona suruali kuukuu ya mtu imeshonewa pale, shati lake, herufi za jina lake zilizokatwa kwa mkono usiozoea mkasi, nao wakatoa. Ninapolifikiria hilo naona kazi zako mbili zimekaa kwenye mtambo mmoja. Wale watoto wa karakana wakifuma ukanda mmoja mmoja, kila ukanda ukabeba jina la aliyechangia, ukaunganishwa ukatundikwa ukumbini kwenu, utakuwa umeleta wafadhili bila kutoa hata kipande kimoja cha majuma yako tisa. Utakuwa umelipwa pia kwa kuisimamia, kwa kuwa hiyo itakuwa kazi ya saa za ofisi.

Kuhusu ile sifuri, nitakuambia nilichokiona. Nimewahi kukaa kwenye kamati za kuchagua wasanii wa kupewa ruzuku. Bajeti yenye sifuri kwenye malipo ya msanii haikutugusa kwa unyenyekevu wake. Tulijiuliza ataishi vipi wakati wa kazi, na kama ataimaliza. Zilirudishwa nyingi. Ombi lile liandike upya, na saa 176 kwa mita unazo sasa. Kama mkono unakataa, andika ombi zima kwa jina la msanii mwingine unayemheshimu, mlipe anachostahili, kisha badilisha jina tu.

Uchague moja? Sioni sababu. Faith Ringgold, msanii wa Marekani, alifundisha shule za umma za New York tangu 1955 hadi 1973, akichora nje ya saa za kazi, na blanketi lake la kwanza la viraka alilitengeneza mwaka 1980 pamoja na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mbunifu wa mavazi. Anni Albers, mfumaji mzaliwa wa Ujerumani, alifundisha Black Mountain College, chuo cha Marekani, kuanzia 1933, na mwaka 1949, mwaka alioondoka pale, Museum of Modern Art ya New York ikafungua maonyesho ya ufumaji wake pekee. Ajira ikikulisha na kukuachia saa tatu za usiku, ishike. Siku itakayoanza kuzila hizo saa tatu, niandikie tena tuzungumze mengine.

Umesema mtandeni kuna kitambaa hujakigusa tangu ujumbe ufike. Leo jioni kilegeze. Nyuzi zilizovutwa wiki nane mfululizo huchoka, na pamba iliyochoka hukatika palepale utakapoanza kupiga mshindio, ule uzi wa kukatiza mtande. Legeza kidogo tu, mpaka mtande ulale ukiugusa kwa kiganja, ufunike kwa shuka dhidi ya vumbi, na uuache hivyo mpaka utakapotoka ofisini kwa mkurugenzi.

Shangazi yako